Makaroni Hafifu

Siku hiyo Mumbua alipika kwa wasiwasi. Mama kabira, ndivyo wafanyakazi walivyomwita mama mzaa madam wao, alikuwa ametoka hospitalini hana hamu ya chakula chochote. Daktari alikataza mafuta, na bibi mwenyewe akakataa kila kilichobaki. Wapishi wawili walikwisha kurudishwa kwa wakala aliyewaleta kazini kwa sababu yake. Asubuhi ile madam alimweleza Mumbua kwa maneno machache na kwa mkono ulioelekea mlangoni: mama asipokula leo, wewe kwenu.

Kwenu! Mwanamke wa Kangundo mwenye binti kiziwi, anayelipiwa shule ya bweni na mshahara huo huo, unamwambia kwenu kana kwamba ni mtaa wa pili? Mshahara ukikatika, Stacy angerudi kukaa uani kwa shangazi asiyejua ishara hata moja, akiitwa bubu mchana kutwa. Hilo ndilo Mumbua alilopika akiliwaza.

Nyumba ilikuwa Al Wukair, kando ya Doha, ya watu wenye nafasi, na jikoni hakukosekana kitu. Lakini Mumbua hakutaka makubwa. Alichukua mboga za bei ya chini zilizotoka mashamba ya Umm Salal: nyanya zilizoanza kulegea, karoti, mamung'unye madogo. Akaivisha kitunguu na thomu kwa tone la mafuta, akatia mboga, akafunika ziive kwa maji yake yenyewe, kisha akazisaga zikawa mchuzi laini. Akachemsha makaroni ndogo ndogo, akachanganya. Ndicho alichokuwa akimpikia Stacy akiwa na homa.

Madam alikuja kuonja. Akaonja tena.

"Khafifa," akasema. "Wayid khafifa." Akaenda zake kumwamsha mama.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Oloo, dereva wa nyumba hiyo, aliyekaa Doha miaka mingi, alimwambia Mumbua tangu mwanzo asiogope Kiarabu, nusu yake ni Kiswahili tu. Na si uongo: sukari wanaiita sukar, samli wanaiita samn. Wayid alikwisha kufundishwa kuwa ni sana. Basi khafifa itakuwa nini kama si hafifu? Hafifu sana, yaani chakula duni, kama shati la mtumba linalochanika siku ya kwanza. Angeuliza, jamani. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa kwenu haulizi, hurekebisha.

Akarekebisha. Alitia samli, akamimina krimu, akakuna jibini, akavunjia na kidonge cha supu ya kuku. Vyote katika sufuria ile ile, hakubakisha hata kijiko cha ile ya kwanza. Akaonja, akaridhika, maskini.

Mama kabira aliinuliwa kwenye mito. Bila shaka binti yake alikuwa amemsifia chakula hicho, kwani alifungua kinywa mwenyewe. Alimeza kijiko kimoja, kikarudi chote kwenye shela yake. Akageukia ukutani. Madam akaonja bakuli, akaliweka chini. Hakufoka. Alimwita Oloo, akasema naye maneno mengi.

"Dada," Oloo akasema, "anauliza kwa nini umekiharibu. Anasema kile cha kwanza ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote hizi."

"Si aliniambia ni hafifu?"

Oloo akashika kichwa. "Khafifa kwao ni nyepesi, dada yangu. Alikuwa anakusifu."

Mumbua alitaka ardhi ipasuke. Akarudi jikoni karibu akikimbia, akafungua friji, akaanza kumenya karoti. Akajikata, akafunga kidole kwa kitambaa na kuendelea. Alikuwa akimwomba Mungu kwa Kikamba, kwa sauti, hajali nani anasikia. Mchuzi ulipoanza kutokota, Oloo alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari.

"Mwambie anipe dakika chache tu, kaka Oloo. Nakuomba. Mwambie napika ile ile ya kwanza."

Oloo akaenda. Alikaa sana huko ndani. Mumbua alisikia sauti yake ikibembeleza, kisha sauti ya madam, fupi. Aliporudi aliongea akitazama sakafu.

"Amesema umalizie kupika. Umwekee mama bakuli lake, na itakayobaki uitie kwenye friji. Halafu nikupeleke kwa wakala."

Mumbua akapunguza moto, akaendelea kukoroga.