Josiane Anamsomea

Scholastique alijua herufi zote, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka majirani walimwita kuandika majina kwenye misalaba ya makaburi. Lakini kusoma, tuseme ukweli, hakuwahi kujisomea. Kila alipofungua kitabu, sauti iliyosikika kichwani haikuwa yake. Ilikuwa ya Josiane, msichana aliyekaa naye benchi moja wakati wa vita.

Wakati huo mji wa Kindu, kule Kongo, ulikuwa umezingirwa. Treni haikuja, chumvi iliuzwa kwa kijiko, na shule ya wasichana iliendelea kwa ukaidi tu, maana hata mwalimu hakuwa na pa kwenda. Kila benchi lilikuwa na kitabu kimoja na kalamu moja. Basi wakagawana kazi: Josiane anasoma kwa sauti, Scholastique anaandika. Josiane alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyeamka sasa hivi, na kila alipofika kwenye nukta aligonga ubao wa benchi kwa kidole, ili mwenzake apumzishe mkono.

Asubuhi moja Josiane alivuka mto kwenda Alunguli kutafuta sombe, majani ya muhogo ya kupika, kwa kuwa wadogo zake walikuwa wamelala na njaa. Alisema atawahi dictée, somo la imla. Mchana risasi zililia ng'ambo. Hakurudi, na hakuna aliyeuona mwili wake. Scholastique alibaki na kalamu mkononi.

Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akauza mawese sokoni. Akikutana na maandishi popote, kwenye ukuta wa kanisa au kwenye boksi la dawa, Josiane anamsomea, msichana yule yule asiyezeeka. Mara ya kwanza aliogopa. Baadaye alizoea, kisha akaipenda sauti hiyo kupita kiasi. Josiane hakuwa na kaburi lingine.

Mwaka jana akajiunga na shule ya Mama Hélène, ya watu ambao vita viliwakatizia masomo. Wanasoma alasiri, soko likipoa, katika chumba walichoazimwa na parokia. Humo kuna wachimbaji waliorudi kutoka migodi ya Kampene, kuna akina mama wanaonyonyesha huku wakipiga hesabu, na mchelewaji hafukuzwi. Ukikosa darasa bila kusema neno, mwenzako anakuja nyumbani na somo lenyewe. Hiyo wanaiita kumfuata mtu. Wapo waliojificha chooni kwa aibu, lakini haisaidii kitu: mgeni anavuta kigoda, anakungoja.

Mama Hélène alikuwa amemwahidi Scholastique kazi ya kufundisha watoto wadogo, mradi apate diploma. Na ili kuipata, lazima asome Kifaransa kwa sauti mbele ya watahini.

"Mama Scholastique, simama, utusomee kidogo," alisema mwalimu Rémy, kijana mpole anayewaamkia wanafunzi wake kabla hawajamwamkia.

Akasimama. Alipofungua mdomo, Josiane akanyamaza. Si kwamba sauti ilififia. Ilikatika pale pale, kichwani kukawa kimya cha nyumba iliyohamwa. Scholastique aliachia kitabu kikaanguka.

"Macho haiko muzuri leo, mwalimu," alisema, akatoka.

Hakurudi kesho yake, wala keshokutwa. Alijua anachokiogopa. Akisoma kwa kinywa chake, Josiane atakufa kabisa, na safari hii muuaji ni yeye.

Aliyetumwa kumfuata alikuwa Arielle, mwanafunzi mwenzake, mke kijana wa mwenye duka kutoka Kivu, mtoto mgongoni, kitabu cha shule kwapani. Hakuuliza habari za macho.

"Kitabu hii inarudi leo, mama. Tunakili."

"Weye usome, miye niandike," alisema Scholastique haraka.

"Nitasoma namna gani? Huyu mutoto anapasua kila karatasi anashika. Kitabu yote itaisha. Soma, miye nitaandika na mukono moja."

Na mtoto, aliyeshushwa mapajani, bila kuchelewa akanyakua ukurasa. Scholastique akakiokoa kitabu, na kitabu kikawa mikononi mwake. Alisubiri. Hakuna aliyemsomea. Akaanza mwenyewe, kwa sauti nyembamba, iliyokwaruzwa na miaka ya kuita wateja. Alijikwaa, akarudia. Josiane hakuja. Machozi yakamtiririka mashavuni na hakuyafuta, aliendelea hivyo hivyo, sentensi baada ya sentensi, na Arielle aliandika bila kuinua uso, kwa adabu.

Walipofika katikati ya ukurasa, Arielle akasimamisha kalamu.

"Mama, unagongagonga meza. Hii njo nini?"

Scholastique akatazama mkono wake. Kidole kilikuwa bado juu ya ubao wa meza. 

"Hii njo nukta," alisema. "Ni ya kupumzisha mukono."

"Nani alikufundisha vile?"

Tangu vita hakuwa amelitamka jina hilo mbele ya mtu.

"Josiane. Mwenzangu wa benchi. Alivuka kutafuta sombe."

Arielle alimhamisha mtoto kwenye ziwa la pili, akangoja.

"Na alirudi?"

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuwa amejiuliza.

"Hapana," alisema Scholastique. "Hakurudi. Andika."