Ukuta Uliovimba Jichoni mwa Joash

Kwa miaka thelathini na miwili Joash Were aliishi kwa kujenga kuta zilizonyooka. Mafundi walimjua kwa desturi moja: kila safu ya matofali ilipokamilika, alirudi nyuma hatua saba, akafumba jicho la kushoto, akaukagua ukuta kwa la kulia. Timazi, ule uzi wenye uzani wa chuma, aliwaachia wengine.

Mwezi wa Machi 1994, akijenga darasa karibu na Malava, aliuona ukuta umevimba katikati. Akaamuru safu tatu zibomolewe. Zilipojengwa upya, uvimbe ulikuwa pale pale.

“Masinde, bomoa.”

“Sibomoi tena, mzee,” akajibu mwenzake wa miaka mingi, timazi mkononi. “Uzi huu haunywi chang’aa.”

“Mimi pia sinywi! Nimeokoka tangu mwaka wa sitini na nane.”

“Basi ni macho.”

Joash hakukasirika; alishangaa. Akafumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto: ukuta ukanyooka. Akabadilisha: ukavimba. Alirudia mara nne, kisha akaweka mwiko chini.

Katika kliniki ya macho mjini Kakamega, Daktari Nabwire alimtia dawa ya kutanua mboni, akachungulia kwa muda mrefu. Nyuma ya jicho, alieleza, kuna utando unaopokea mwanga. Chini ya utando huo, uzeeni, hujikusanya madoa ya manjano, takataka ambazo jicho limeshindwa kuziondoa. Macho yake yote mawili yalikuwa nayo. Katika la kulia, mishipa mipya ya damu ilikuwa imeota mahali pasipofaa. Ilivuja, ikauinua utando.

“Kama unyevu unavyoinua plasta,” alisema Joash.

“Hasa, baba. Kuichoma kwa leza hatuwezi. Iko katikati kabisa, tungechoma na uoni wenyewe.”

“Na plasta ya kushoto?”

“Bado kavu. Siwezi kukuahidi itabaki hivyo.”

Akampa karatasi ya miraba. Kila asubuhi aitazame kwa jicho la kushoto peke yake. Mistari ikipinda, aje siku hiyo hiyo.

Jumatatu Joash aliwaeleza mafundi wote ukweli, kisha akamgeukia Masinde.

“Kuanzia leo, wewe ndiwe utakayesema kama ukuta umesimama. Nikibishana nawe, nipeleke kliniki.”

“Ukibishana? Mzee, basi tutahamia huko.”

Mafundi wakacheka. Joash naye akacheka, akainama, akalaza tofali mahali Masinde alipomwonyesha.