Vidole Viwili, Kitambaa Kimoja na ‘Sori’ Nyingi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kiwanda cha kufulia bado kimenyamaza. Mvuke wa jana umeacha michirizi ukutani na sakafu ya saruji ni baridi. Mwanamke wa makamo aliyevaa aproni ya bluu anapita katikati ya vikapu vya mashuka bila kuwasha taa ya ukumbi. Njia anaijua. Anakwenda moja kwa moja kwenye rola.

Rola ni mashine ya kunyooshea mashuka. Ni magogo mawili ya chuma yenye moto yanayozunguka yakiwa yamegusana. Shuka bichi huingizwa mdomoni kwa mikono, likatokea upande wa pili limekauka na kunyooka. Mbele ya mdomo huo, aliyeitengeneza mashine aliweka fimbo nyembamba ya chuma inayoitwa kinga. Mkono ukiisukuma kinga, mashine yote husimama palepale.

Leo, kama jana, kinga imefungwa juu kwa kipande cha shuka kuukuu. Haiwezi kucheza.

Mama huyo anatoa mkasi mfukoni. Anaushika kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Anakata fundo, anakitia kitambaa mfukoni, anaigusa kinga kwa ncha ya mkasi. Inaning’inia na kuyumba kama inavyotakiwa.

“Haya,” anasema. “Sasa waje waniambie sori.”

Hapa kiwandani wanamwita Mama Pembe. Si kwamba ana pembe za kuwapiga nazo watu, ingawa msimamizi wake angeapa kwamba anazo. Jina limetokana na pembe nne za shuka, ambazo kwake lazima zikutane, la sivyo analikunjua lote na kuanza upya.

“Shuka la mgonjwa likikunjwa upandeupande, hata mgonjwa atalala upandeupande,” huwaambia wenzake. Nao humwitikia, “Amina, mama mchungaji.”

Ana miaka kumi na mmoja katika kazi hii. Kiwanda kinafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, zaidi ya elfu moja kwa siku, na ujira wa mwezi ukishalipa kodi ya vyumba viwili, nusu yake imekwenda. Mumewe ni fundi viatu. Wana watoto watatu, na wa mwisho bado anasoma shule ya msingi.

Kuhusu kile kitambaa, msomaji asidhani kiliokotwa jalalani. Ni desturi ya kazi. Kando ya rola kuna msumari ukutani, na kwenye msumari huning’inizwa vitambaa vilivyochanwa kutoka mashuka yaliyochakaa. Mfanyakazi mpya siku ya kwanza huonyeshwa mahali pa kuchukua aproni, huonyeshwa choo, kisha huonyeshwa jinsi ya kufunga kinga.

Sababu yenyewe ni ndogo mpaka inatia hasira. Shuka nene likipita, upindo wake huigusa kinga na mashine ikasimama. Kuiwasha tena kunachukua muda, na shuka lililobaki kati ya magogo hupata alama ya kuungua. Fundi angeweza kuinyanyua kinga kidogo na kuikaza upya. Badala ya kumwita fundi, wakubwa waliona heri kitambaa, kwa kuwa kitambaa ni bure. Vidole navyo walivihesabu bure.

Mwaka jana, asubuhi ya kawaida, Mama Pembe alikuwa akilisha rola pamoja na mwenzake. Shuka lilipoanza kuingia, akaona pembe moja imejikunja kwa ndani. Mtu mwingine angeiacha ipite. Yeye alipeleka mkono kuinyoosha.

“Mkono uliifuata ile pembe wenyewe,” anasimulia. “Ulishazoea. Nilihisi joto kwanza, maumivu yalikuja baadaye. Nikawa nasukuma kinga kwa kiwiko, nasukuma, nayo imefungwa. Na fundo lilikuwa langu mwenyewe, nimelifunga vizuri kama ninavyofunga kila kitu.”

Mwenzake alikimbia hadi kwenye swichi kubwa ya ukutani. Mbio zile ndizo zilizookoa kiganja. Vidole viwili havikuokoka.

Na hapo ndipo neno lenyewe lilipoingia maishani mwake, likaingia kwa wingi.

Meneja alifika wodini na mfuko wa machungwa. “Sori sana, mama,” akasema, huku akitazama simu yake. Msimamizi akatuma ujumbe: sori kwa yaliyotokea, ukipata nafuu utujulishe lini utarudi. Mhasibu akamwambia sori, siku za kulala hospitali hazina malipo. Kwenye ofisi inayoshughulikia walioumia kazini, alipokwenda mara ya kwanza aliambiwa sori, hapa sipo, panda juu. Alipopanda juu akaambiwa sori, anayehusika yuko likizo.

“Siku hiyo kwenye ngazi kijana mmoja akanikanyaga mguu,” anasema. “Na yeye akasema sori. Nikajiuliza, kumbe mguu uliokanyagwa na vidole vilivyokatika bei yake ni moja?”

Swali hilo halijamtoka kichwani, na lingepaswa kutukera sote. Lugha yetu haina uhaba wa maneno kwa mambo haya. Aliyeumia hupewa pole, na anayempa hukaa kitako akamsikiliza. Aliyekosea huomba radhi, na aliyekosewa ana haki ya kuitoa au kuinyima. Sori imekuja ikajifanya ndiyo yote hayo, na ndiyo hodi, na ndiyo nipishe nipite, na ndiyo sikukusikia, na ndiyo hatukulipi. Mtu huitamka akiwa ameshageuka kuondoka. Vinywani mwa wakubwa wa Mama Pembe, lilikuwa neno la kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Yeye mwenyewe hakatai kwamba kuna sori ya kweli. Anamkumbuka muuguzi aliyekuwa akimbadilishia bandeji. “Kila akivuta kipamba alikuwa anasema sori, mama, sori. Ile niliipokea, kwa sababu mkono wangu alikuwa ameushika. Hakuuachia mpaka amalize.”

Kiwandani hakuna aliyeushika. Aliporudi kazini alihamishiwa meza ya kukunja, na alipouliza kuhusu fidia, msimamizi alimjibu kwa methali, mbele ya watu: “Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, Mama Pembe. Kitambaa si ulifunga mwenyewe?”

“Nilifunga,” anasema, na sasa sauti imepanda. “Nani aliugongomelea msumari? Nani anachana vitambaa kila Jumatatu na kuvitundika? Nisipofunga, jioni naulizwa mbona mashuka hayajafika idadi. Nikifunga, mwiba ni wangu. Sasa niambie wewe, hapo mtu achague nini?”

Mwandishi wa simulizi hii alimpigia meneja simu ili kusikia upande wa kampuni. Meneja alipokea haraka. “Sori, niko kwenye kikao,” akasema, akakata. Alipopigiwa tena, na tena, kikao kilikuwa hakijaisha.

Nyumbani kwa Mama Pembe neno hilo limepigwa marufuku. Ilianza siku binti yake wa mwisho alipomwaga chai mezani, akasema “Sori, mama,” kisha akaendelea kula. Mama akaweka kijiko chini.

“Sori inadeki?”

Mtoto akakodoa macho.

“Nakuuliza. Hiyo sori ina mikono? Inaweza kushika kitambaa ikafuta hiyo chai?”

Binti alifuta meza, akafuta na sakafu. Tangu hapo ndiyo kauli ya nyumba. Mume akisahau kununua mafuta ya taa na kuanza kujitetea, watoto humuuliza kwa pamoja, “Baba, sori inadeki?” Naye huvaa viatu akarudi dukani akinung’unika.

“Mimi ndiye niliyeonewa kuliko wote,” analalamika mzee huyo, akigonga kisigino cha kiatu barazani. “Nimeoa mke mmoja, nikapewa na hakimu.” Anacheka, kisha anaacha kucheka. “Lakini ana haki. Usiku bado anajikuna vidole ambavyo havipo.”

Kama ingekuwa ni mkono wake tu, huenda Mama Pembe angemeza mate akanyamaza. Wengi hufanya hivyo, na hatuwalaumu. Lakini miezi mitatu iliyopita kaka yake alipunguzwa kazi, na mke wa kaka huyo akaja kumwomba amsaidie kupata kibarua. Mama Pembe akamwombea nafasi kwenye meza ya kukunja, wakae pamoja. Kampuni ikampokea vizuri, ikampa aproni, ikamwonyesha choo. Kisha ikamsimamisha mbele ya rola, mahali palepale.

“Nilipomwona ananyoosha mkono kwenye msumari, nililitupa shuka mezani likiwa nusu,” anasema. “Nimemleta mwenyewe kwa mdomo wangu. Nitamwambia nini kaka yangu? Sori?”

Wifi huyo ni mwanamke mchangamfu mwenye mikono mirefu, na kama ilivyo kwa mawifi, utani hauwaishi. “Wifi yangu anataka nafasi yake,” aliwaambia wenzake siku ile. “Ananionea wivu kwa sababu ya haya magogo mawili.” Lakini jioni ya kwanza, Mama Pembe alipovua glovu anayoufichia mkono wa kushoto na kumwekea mkono ule mezani, utani ulikatika. Wifi aliushika, akaugeuza, akasema, “Pole, wifi.” Hakuuachia upesi.

Kesho yake Mama Pembe alianza kuja na mkasi.

Amekuwa akikata kitambaa kila alfajiri, nacho kimekuwa kikifungwa kila siku kazi inapoanza. Msimamizi ameshamwonya kwa kuharibu mali ya kampuni. Mali yenyewe ni kipande cha shuka kilichochanwa.

Asubuhi ambayo mwandishi alikuwepo, wafanyakazi wanaingia saa moja, wanavaa aproni, wanawasha mashine. Wifi anasimama mbele ya rola pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Msimamizi anapita, anaona kinga inaning’inia. Hashangai. Anatoa kitambaa kingine msumarini na kumnyooshea wifi.

“Funga, dada. Sori, najua, lakini leo mzigo ni wa hospitali mbili.”

Wifi hakipokei. Anaweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuishikanisha.

“Kaka,” anauliza kwa upole, “sori inadeki?”

Kicheko kinamponyoka mtu mmoja kwenye meza ya kukunja. Mwenzake wa upande wa pili naye anapeleka mikono nyuma. Wa vikapuni anauacha mkokoteni, mikono nyuma. Wa mashine za kufulia, mikono nyuma. Rola inazunguka na moto wake wote, mdomo mtupu, na hakuna wa kuilisha.

Msimamizi anatazama saa ya ukutani. Anatazama mlima wa mashuka bichi. Uso wake unaonyesha kwamba neno lile moja limemfika mdomoni, na safari hii analimeza. Anarudisha kitambaa msumarini, anaondoka kuelekea ofisini.

Wifi anachukua shuka la kwanza, analiingiza. Upindo unagusa kinga na mashine inasimama. Wanaiwasha tena bila haraka. Mara ya pili inasimama, wanaiwasha. Hakuna anayelalamika.

Wamekubaliana, anaeleza Mama Pembe, kwamba mikono itakwenda nyuma kila asubuhi mpaka fundi aitwe kuirekebisha kinga na msumari ung’olewe ukutani. Kuhusu fidia, faili lake bado liko kule ofisini, juu ya ngazi, na atapanda tena wiki ijayo. Hajakata tamaa nayo.

“Hela siwezi kukataa, nina watoto,” anasema. “Lakini cha kwanza ni ule msumari. Sitaki waniombe radhi, sitaki machungwa yao. Nataka wifi yangu azeeke na vidole kumi.”

Anarudi mezani. Kuna shuka la hospitali amelikunja nusu wakati akizungumza, na pembe moja haijakutana na mwenzake. Analikunjua lote, anaanza upya.