Vipande Viwili Ndani ya Nta

Zipporah Mueni alikuja Malindi kutoka Machakos mwaka 1981, akaajiriwa katika maabara ya hospitali tuliyofanyia kazi. Alizamisha vinyama vilivyokatwa miilini mwa wagonjwa ndani ya nta, akavikata vyembamba kuliko karatasi, akavitia rangi, daktari akavitazama kwa hadubini. Alikuwa akivisemesha. "Tulia wewe, usijikunje," ungemsikia, ukadhani ana mgeni mle ndani.

Mwaka 1984 waliletwa wanaume wawili juma moja. Mramba alikuwa mpishi wa hoteli huko Kikambala. Katana alikata mawe ya kujengea timboni. Wote walikuwa na saratani ya mapafu, uvimbe wa ukubwa mmoja, na wote walipasuliwa Mombasa, vinyama vya uvimbe wao vikarudishwa kwa Zipporah. Daktari alitabiri kwamba Mramba, aliyekuwa na mwili wenye nguvu zaidi, ndiye angeishi.

Mramba alifariki baada ya miezi mitano. Katana alirudi timboni.

Jambo hilo lilimkera Zipporah. Alivitoa vile vipande, akavitazama tena na tena mpaka machozi yakamtoka.

"Hawa ni mapacha," aliniambia. "Mbona mmoja ameua na mwenziwe ametulia?"

Tukaenda kumuuliza daktari. Alikiri kwamba hajui. Basi Zipporah akaandika barua chuo kikuu, Nairobi.

Jibu lilikuja baada ya miezi minane. Profesa mmoja alieleza kwamba huenda tofauti imo ndani zaidi, kwenye chembe za urithi: katika uvimbe mmoja baadhi ya chembe hizo zinafanya kazi kwa fujo, katika mwingine zimenyamaza, na hadubini haioni hilo. Huenda siku moja zikapimwa, ijulikane mapema ugonjwa upi ni mkali. Akaomba vile vipande.

Zipporah alikataa kuvituma kabla ya kuwauliza wenyewe au jamaa zao. Mjane wa Mramba alikubali, ila aliomba jina la mumewe liandikwe vizuri. Kisha Zipporah akaenda kwa Katana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihesabia siku?"

"La. Naomba kinyama chako kiende Nairobi."

"Kumbe bado mnacho!" Katana alicheka hadi akakohoa. "Basi na kiende kikauone mji, mimi mwenyewe sijafika. Kitawaambia mtu ataishi muda gani?"

"Si leo. Labda wakati wa wajukuu zako."

"Kipeleke. Lakini jibu langu usiniletee. Nikiamka asubuhi najua nipo, yanitosha."

Mwaka 1988, Katana akiwa bado anakata mawe, profesa aliandika kwamba hawajapata neno la hakika. Vipande viwili havitoshi, wanahitaji vingi. Zipporah alikuwa amehifadhi thelathini na saba vya wagonjwa wengine wa saratani. Akaomba likizo yake yote, akaenda kuwauliza jamaa wa kila mgonjwa, nyumba kwa nyumba, hadi Ganze na Magarini. Hakuna aliyemkatalia.