Pakiti Mbili za Udongo wa Uso

Fundi cherehani alirudi nyumbani na pakiti mbili ndogo za udongo wa kupaka usoni, mmoja mweupe na mwingine wa kijani. Muuzaji wa duka la vipodozi alimpa bure, ajaribu kwanza, anunue baadaye. Alinawa, akaketi mbele ya kioo, akapaka mweupe shavu la kulia na wa kijani shavu la kushoto, apate kulinganisha.

Mama mkwe wake, mwanamke wa maneno machache aliyehamia kwao mwaka jana, alichungulia mlangoni.

"Makubwa! Nani kakupiga chokaa, mwanangu?"

"Najaribu, mama. Nataka kuona upi unalainisha ngozi."

Mama mkwe aliingia, akavuta kiti. "Basi nipake na mimi. Uso huu haujashikwa na mtu miaka na miaka."

Fundi alimpaka taratibu, akizunguka macho kwa ncha ya kidole. Wakakaa bega kwa bega, nyuso zimekauka, wasithubutu hata kutabasamu. Mara macho yao yakakutana kwenye kioo. Mama mkwe ndiye aliyeshindwa. Alicheka hadi udongo ukapasuka na kumwangukia mapajani, na fundi naye akabaki hana mbavu.

Walipokwisha kunawa, walipapasana mashavu. Wa kijani ulikuwa umekaza ngozi ikawa kavu, ila mweupe uliiacha nyororo.

"Mweupe," alikata shauri mama mkwe. "Kesho twende sote dukani."

Fundi, aliyezoea kumkwepa mwaka mzima, akaitikia kwa furaha.