Vumbi la Kinu Alilomnywesha Mdogo Wake

Saa mbili asubuhi, Bi Kinu anavunja miiba. Amekaa kwenye kigoda, kinu cha chuma katikati ya magoti, anatwanga mbigiri, ile ile inayochoma nyayo za watoto watembeao peku. Kitambaa kimemfunika pua na mdomo. Kila mapigo kumi anapiga chafya moja, kwa heshima zote, kisha anaendelea.

Chumba kiko nyuma ya duka la tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi. Rafu zimejaa makopo, kila kopo na mwandiko ambao tabibu mwenyewe huusoma kwa kukisia. Bi Kinu ametwanga hapa miaka kumi na tisa. Jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho.

"Mikono yangu inaijua kila dawa kwa ugumu wake," anasema. "Kichwa ndicho kilichoniangusha."

Duka lina sharti moja. Mgonjwa wa figo hapewi hata kijiko kabla ya kuleta karatasi za hospitali na tabibu kumpigia simu daktari wake. Vidonge vya hospitali haviachwi. Mara nyingi mgonjwa huondoka na ushauri wa chakula tu, amenuna kama aliyekwenda harusini akapewa maji.

Bi Kinu alilijua sharti hilo vizuri. Lakini mdogo wake, fundi cherehani, alipoambiwa figo zake zimebaki na nguvu ya robo tu, hakumpeleka kwa tabibu. Aliona masharti ni ya wateja, na yeye ni mtu wa ndani.

Kila jioni, kabla ya kuosha kinu, alikung'uta vumbi lililobaki chini: la dawa ya tumbo, ya viungo, ya kikohozi, ya siku nzima. Akalifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Nilijiambia, kama dawa moja inasaidia, sembuse kumi na mbili?" Anacheka, na kicheko kinakatikia njiani.

Fundi alikunywa wiki sita, vidonge vyake vya hospitali ameviweka pembeni. Aliwatambia majirani kwamba dada yake anamtengenezea dawa isiyouzwa dukani. Katika hilo hakusema uongo.

Wiki ya saba alianguka juu ya suruali ya mteja. Hospitalini walikuta potasiamu imepanda mno katika damu, moyo unaruka mapigo.

"Daktari akaniuliza, mama, huyu alikuwa anakunywa nini? Nikasema dawa. Dawa gani? Hata mimi sikuijua."

Ni mwaka na nusu sasa. Fundi huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Maji anayoruhusiwa kunywa siku nzima hayafiki lita moja. Daktari anasema figo zilikuwa zinaelekea huko. Hawezi kuapa kwamba vumbi ndilo lililozimaliza.

"Yeye hawezi kuapa," anasema Bi Kinu. "Mimi naweza."

Tabibu hakumfukuza. Alizisoma karatasi za fundi, akaongea na daktari, wakakubaliana kitu kimoja tu: mafuta ya kupaka miguu inayowasha. Bi Kinu huyachemsha, wifi yake humpaka mumewe. Fundi hapokei chochote mkononi mwa dada yake, hata glasi ya maji.

Na sasa Bi Kinu anataka kumpa figo.

Vipimo vyake vya kwanza vimetoka vizuri. Kilichobaki ni fundi kukubali. Alipoambiwa, aliweka mkasi chini.

"Dada, ulininywesha makombo ya kinu. Leo unaniletea figo? Nayo umeitwanga?"

Wifi alicheka mpaka akatoka nje. Bi Kinu naye alicheka, kisha akalia, maana tangu siku ile ya hospitali mdogo wake hakuwahi kumtania.

Juzi wifi alipiga simu. "Amesema Jumatatu atakwenda kumsikiliza daktari akiwaeleza wagonjwa na ndugu zao habari za kupandikiza figo. Kusikiliza tu, wifi. Na usikae karibu naye."

Ruhusa ya kazini Bi Kinu ameshaomba.

"Nitakaa kiti cha nyuma kabisa," anasema. "Vikijaa, nitasimama mlangoni. Mradi daktari akiuliza nani anatoa, mdogo wangu ageuke anione nimenyoosha mkono."