Ameenda Ushago

Dada yangu alikuwa akigonga kijiko kwenye beseni. Tukitoka kwenda kanisani mama anafunga mlango kwa nje, na kile kijiko kinaanza: ko, ko-ko, ko. Ulikisikia mpaka kwenye bomba la maji, huko mwisho wa nyumba za reli. Miguu yake haikushika na maneno hayakumtoka, lakini kijiko alikijua. Mtu akiuliza yule mtoto mwingine yuko wapi, mama alijibu, "Ameenda ushago." Ushago ni kule kwetu magharibi, safari ya mchana kutwa, na majirani wote walikuwa wanasikia kijiko. Siku aliyoenda ushago kweli, alienda ndani ya sanduku.

Mimi nimezeekea hapa hapa Makongeni. Shule niliionja tu, lakini chapati zangu muulize yeyote. Hakuna sherehe ya watoto kwenye ukumbi wetu ambayo sikuipikia. Na nina mjukuu, msichana, mzuri kama nilivyokuwa mimi, na msinicheke. Hasemi. Anapenda kunusa unga na kuzungusha vifuniko vya sufuria. Kelele ndiyo inamuua. Spika ikinguruma anaziba masikio, anaanguka, analia kama mtu anayechomwa.

Likizo moja binti yangu alimpeleka kwenye ile sherehe ya watoto inayoandaliwa na chama chetu cha akina mama. Dijei akafungulia muziki. Mtoto akaanguka palepale mlangoni, akamng'ata mama mmoja mkono, na mwingine akaanza kukemea pepo. Binti yangu akambeba, akarudi naye nyumbani bila kumtazama mtu. Tangu hapo hakumtoa tena.

Basi mchana mmoja nimeketi kwake nakatakata mboga za sukuma wiki, jirani akabisha. Akauliza mbona mtoto haonekani siku hizi. Binti yangu akajibu akiwa amesimama mlangoni, ameuziba:

"Ameenda ushago."

Mimi sikuwahi kumfundisha maneno hayo. Mama yangu alikufa yeye hajazaliwa. Na nyuma ya pazia mjukuu wangu akachukua kijiko, akagonga sufuria: ko, ko-ko, ko.

Niliweka kisu chini, nikasikiliza. Naapa, ulikuwa mdundo uleule, pumziko lilelile. Jirani naye alisikia. Akatazama miguu yake mwenyewe, akaaga.

Nikaenda kwenye mkutano wa chama. Nikawaambia sherehe ijayo spika zizimwe, mkeka utandikwe kwenye kona kwa mtoto atakayeelemewa, na mlango wa nyuma ufunguliwe, ule usio na ngazi. Mwenyekiti wetu ni mwanamke wa kupenda kicheko. Akasema, kwa jina la bibi wanaloniita wote, "Shosho, sherehe bila spika si itakuwa matanga?"

"Hata matanga siku hizi yana spika," nikamjibu. "Kimya ni cha kaburini, na huko nimeshazika mmoja."

Hakucheka. Kuna aliyenung'unika kwamba watoto wengine watachoka. Nikasema wataimba kwa midomo waliyopewa na Mungu, na kama hilo ni gumu, mwenyekiti apike chapati. Wanazijua chapati za mwenyekiti. Wakakubali.

Mgumu alikuwa binti yangu. Alisema hampeleki mtoto wake akatazamwe kama sinema. Sikubishana naye. Nilimsimulia habari za dada yangu, kuanzia beseni mpaka sanduku. Akaendelea kukunja nguo kana kwamba hakusikia. Asubuhi ya sherehe nikamkuta amempakata mtoto, anamsuka.

Tulikuwa tumetangaza mlango kwa mlango kwamba hata mtoto asiyesema au asiyetembea aletwe, na watu walikuja. Mama mmoja alitoka Mathare kwa miguu, mtoto mgongoni, na miguu ya mtoto inakaribia kuburuta chini. Halafu akaingia yule jirani, kwa mlango wa nyuma, anasukuma mkokoteni uliotandikwa blanketi. Ndani amelala msichana mkubwa, mweupe wa kukosa jua. Nimechota maji na mwanamke huyo miaka yote. Nyumba yake naiona nikiwa jikoni. Msichana yule sikuwahi kumwona.

"Wangu," akaniambia, kisha akatafuta pa kuuegesha mkokoteni.

Mwenyekiti alimwona mjukuu wangu kwenye mkeka, akamgeukia binti yangu. "Si tuliambiwa yuko ushago?"

"Amerudi," binti yangu akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia.

Mtoto alikuwa ameshapata kijiko, anagonga sahani. Safari hii hakuna aliyeinama kutazama miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye moto, nageuza chapati. Ule mlango wa nyuma tuliuacha wazi mpaka tukamaliza kuosha sufuria, na kila kijiko kilipogonga, niligeuka kuona nani anaingia.